Msomaji wa Barabara ya Gaza

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 8:26–40



Yule mtu aliyekuwa akirudi kwao kwa barabara ya Gaza alikuwa na vitu viwili ambavyo wengi wa zama zake hawakuvipata maisha yao yote: gari la kukokotwa na kitabu chake mwenyewe. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, neno baada ya neno, na gombo la nabii Isaya ni refu. Lakini huyu alikuwa towashi, mkuu wa hazina ya Kandake, malkia wa Waethiopia, na fedha haikumsumbua. Kitabu alikuwa nacho, macho alikuwa nayo, na safari nzima ilikuwa mbele yake. Mtu wa kusoma naye ndiye aliyekosekana.

Luka, mwandishi wa Matendo, anasema mhubiri Filipo alimsikia akisoma. Tusipite hapo haraka. Watu wa kale walizoea kusoma kwa sauti hata wakiwa peke yao. Miaka kama 350 baadaye, Agostino alistaajabu kumkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akipitisha macho kwenye kurasa huku kinywa kimefumba. Basi towashi yule alikuwa akitamka maneno gari likienda, na Filipo, ambaye Roho alimtuma alisogelee, akapiga mbio na kuyasikia maneno anayoyafahamu. Angesoma kimyakimya, sijui Filipo angeanzia wapi.

Swali la Filipo lilikuwa fupi: je, unayaelewa unayoyasoma? Naye yule mkubwa wa serikali hakujifanya. Alisema wazi kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, akamwomba mpita njia mwenye vumbi miguuni apande, aketi pamoja naye.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya klabu ya vitabu iliyoanza ukumbini kwetu, hapa Rongai. Baadhi yenu mmeniuliza baada ya ibada kama ni tuisheni, kama ni shule ya Jumapili ya pili, au kama kanisa limefungua shule bila kuwaambia washirika. Ni klabu ya vitabu ya watoto wanaosomea nyumbani. Hukutana Alhamisi saa tisa alasiri, wakati watoto wengine bado wako darasani, na ndiyo maana wengi wenu hamjaiona.

Familia hizi zimefika hapo kwa njia mbalimbali. Wapo walioanza mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, na zilipofunguliwa zote Januari 2021 watoto wao hawakurudi. Wapo wenye mtoto ambaye darasa lililofurika lilimshinda: herufi zinamrukaruka, au kelele zinamuumiza, au alionewa mpaka akaanza kukojoa kitandani tena. Wapo ambao kazi inawahamisha kila mara. Na wapo waliochagua kwa sababu ya imani, na hao ndio huniandikia jumbe ndefu kuliko wote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na wazazi hawa wanaweza kukijadili kifungu hicho mpaka chai ipoe. Mimi si wakili, nawaachia.

Nilipoanza kuwatembelea nyumbani kwao, jambo moja lilinigusa. Mtaala mmoja unaopendwa na familia za Kikristo, Accelerated Christian Education, ulianzia Texas mwaka 1970. Mtoto huketi kwenye meza iliyozibwa pande mbili kwa mbao, huandika katika kijitabu chake kwa mwendo wake, na akikwama husimamisha kibendera kidogo ili mkubwa aje. Watoto hupiga hatua kweli, silaumu. Lakini kitabu hufunguliwa na mtu mmoja, hufungwa na mtu yuyo huyo, na katikati hakuna aliyesikia chochote. Tena ni mtaala ulioandikwa bila kumfikiria mtoto wa Kajiado. Anayajua majimbo ya Marekani kwa mpangilio, ila ukimpa ukurasa wa Kiswahili anausoma akijikwaa kila mstari, na nyanya yake anageuka upande asionekane akicheka.

Familia nyingine hufuata njia ya Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923. Huyu alitaka mtoto asome au asomewe kifungu mara moja tu, kisha akisimulie kwa maneno yake mwenyewe, bila orodha ya maswali chini ya ukurasa. Naipenda njia hiyo, na klabu yetu imeiazima. Wazee wetu wangeitambua mara moja: aliyeitikia Pakawa usiku huu alitarajiwa kuwasimulia wadogo zake kesho.

Tatizo ni msikilizaji. Nyumbani msikilizaji ni mama, na mama ameshakisoma kitabu. Anajua jibu. Pengine yuko jikoni anakatakata sukuma huku anasikiliza kwa sikio moja, na juu ya yote anampenda mtoto wake. Mtoto naye anausoma uso wa mama kuliko anavyosoma kitabu. Anajua ni jibu lipi litaleta tabasamu, na hilo ndilo analotoa. Hakuna ubaya hapo. Hata hivyo, mtoto anayesimulia kwa mtu mmoja tu, siku zote, tena mtu anayempenda hivyo, bado hajajua kama anachokiona kwenye ukurasa kinaonekana na mwingine yeyote.

Wazazi walipokuja kuomba ukumbi, walikuwa wameshachagua mada ya muhula: utii. Niliwaomba, kwa upole, waichague nyingine. Ukitangaza utii, mtoto wa miaka tisa anajua kabla hajafungua kitabu kwamba jibu ni kutii. Atasoma akiwinda mahali ambapo mhusika asiyetii anapata ajali, ataweka kidole hapo, na kazi imekwisha. Vivyo hivyo uaminifu, vivyo hivyo shukrani. Hizi ni fadhila tukufu, na nazihubiri, lakini zikigeuzwa mada za klabu huiua klabu kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa hakuna aliyebaki na swali. Mada inayofaa ni ile ambayo watu wazima wenyewe bado wanabishana juu yake. Tukaafikiana hukumu.

Faida ya kusoma kwa mada huonekana hasa kwa watoto hawa, maana huja kama ndugu, mkubwa na mdogo mkono kwa mkono. Wa miaka saba na wa miaka kumi na sita hawawezi kusoma kitabu kimoja, ila wanaweza kugombana juu ya hukumu moja. Wadogo walipewa kisa cha Abunuwasi na tajiri aliyemdai maskini fedha kwa sababu maskini alikula ugali wake mkavu akinusa harufu ya nyama ya tajiri. Wa kati walipewa hukumu ya Sulemani, 1 Wafalme sura ya 3. Wakubwa wakapewa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, ambacho chote ni kesi. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi iliyo angani, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Pamoja nacho, Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1969. Vitabu vilipatikana kwa kuinama, kama ilivyo desturi ya Nairobi: vingi vilitoka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovitandaza kando ya njia, na nakala moja ya Kusadikika ilikuja na jina la mwenyewe wa zamani na bei ya zamani iliyokatwa kwa kalamu mara mbili.

Mtu aliyeifanya klabu isimame si mimi wala si mzazi yeyote. Ni mzee wetu mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama. Alikuja siku ya kwanza kumleta mjukuu, akaketi nyuma akingoja kumrudisha, na watoto walipoanza kupanga viti kuwa mahakama alishindwa kuvumilia. “Mshtakiwa hakai hapo,” akasema. Akainuka, akasogeza benchi, akawaonyesha hakimu yuko wapi, kiongozi wa mashtaka wapi, karani wapi, na kizimba kiwe wapi ili mshtakiwa aonwe na wote. Kisha akamweka msichana mmoja kando ya kizimba, mikono nyuma. Watoto wakauliza huyo ni nani. Ni mkalimani, akasema, na akawaeleza kwamba Katiba yetu, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Alikumbuka watu aliowaona wakiitikia ndiyo kwa kila kitu kwa kuogopa kusema hawakuelewa. Watoto walinyamaza. Hilo halikuwamo katika kitabu chochote tulichowapa.

Kisa cha Abunuwasi kiliigizwa kwanza. Mvulana wa miaka minane aliyekuwa Abunuwasi alichukua kikombe cha bati kutoka jikoni, akatia sarafu za shilingi kumi kumi, akakitikisa karibu na sikio la tajiri: umedai harufu, pokea mlio. Ukumbi ulicheka. Nilidhani wadogo wamemaliza zamu yao na sasa watachezacheza nje wakati wakubwa wakiingia Venisi. Hawakutoka.

Kwa wasioikumbuka tamthilia ile: Shylock, Myahudi anayekopesha fedha, anamkopesha Antonio kwa mkataba kwamba asipolipa kwa wakati atakatwa ratili ya nyama mwilini. Antonio anashindwa. Mahakamani anatokea Portia, mwanamke aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, anasema sawa, kata nyama, lakini mkataba hautaji damu. Shylock amenaswa. Kisha sheria inamgeukia: mali yake inagawanywa, na Antonio anaweka sharti kwamba Shylock awe Mkristo. Wakubwa waliisoma kesi hiyo kwa sauti kwa kupokezana, Kiswahili cha wengine kikichechemea, mzee wetu akiwasahihisha matamshi bila kuinua macho.

Walipofika kwenye sharti hilo, binti wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwa kawaida haongei, aliniuliza. “Pasta, huyu Antonio ni Mkristo kama sisi?”

Nikamwambia ndiyo.

“Sasa mbona anataka mtu abatizwe kwa nguvu na hakuna anayesema kitu?”

Mvulana mmoja akamjibu haraka kwamba Shylock alitaka kumpasua mtu kifua. Binti akasema hiyo ilishakwisha, nyama hakuipata. Mwingine akasema Karama wa Kusadikika aliachwa azungumze mpaka akawamaliza wajumbe wote sita, na huyu wa Venisi kesi yake imeanza na kuisha katika onyesho moja. Ndipo Abunuwasi wetu wa miaka minane, ambaye hakuisoma tamthilia na hakuambiwa asikilize, akasema kutoka sakafuni alikokuwa amekaa: “Yule tajiri wangu alidai harufu akalipwa mlio. Hakunyang'anywa nyumba.”

Hapo mzee wetu akaweka miwani chini.

Mmoja wa wale wa kati akaleta Sulemani. Alitaka kujua yule mama mwongo, aliyesema mtoto akatwe vipande viwili, mfalme alimfanya nini. Kila mtu alikuwa na jibu: alifungwa, aliuawa, alifukuzwa mjini. Nikawaambia watafute. Kurasa zikageuzwa, mbele na nyuma, na ikaonekana kwamba Biblia haisemi. Mtoto anarudishwa kwa mama yake, Israeli yote inastaajabia hekima ya mfalme, na huyo mwanamke wa pili anatoweka. Binti yule aliyeuliza habari za ubatizo akasema polepole kwamba hata huyo alikuwa amefiwa na mtoto wake. Nimewasikia watu wengi wakilifafanua somo hilo, wasomi na wasio wasomi. Mara chache mno nimemsikia mtu akimtetea huyo mwanamke.

Swali la ubatizo sikuliacha likining'inia. Niliwasomea somo la juma hili. Venisi mtu anatakiwa awe Mkristo kwa sharti la aliyemshinda kesi, mbele ya mahakama. Kwenye barabara ya Gaza mtu mwenyewe anaona maji, yeye mwenyewe anauliza kuna kizuizi gani asibatizwe, na yeye mwenyewe anaamuru gari lisimame. Hatusomi kwamba Filipo alimtajia maji. Nilimwambia binti kwamba ninavyoamini mimi, kati ya hizo mbili ni moja tu inayostahili kuitwa ubatizo, na kwamba Kanisa, katika historia yake, limewahi kuifanya ile nyingine na haifai tufiche. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikumuuliza ni nini.

Mzazi mmoja alinipigia jioni ile. Alisema, kwa heshima, kwamba aliwatoa watoto wake shuleni ili asimamie kinachoingia akilini mwao, na sasa wamerudi kutoka kanisani wakisema Wakristo wa Venisi walikosea. Naelewa hofu yake na siidharau. Mtu aliyebeba mzigo wa kumfundisha mtoto wake kila kitu, kuanzia abakada hadi aljebra, bila mshahara na mara nyingi bila shukrani, ana haki ya kuuliza ninyi wengine mnampa nini. Torati inamwambia awafundishe watoto aketipo nyumbani na atembeapo njiani, naye ameitii. Lakini mtoto yule alikuwa ameuliza swali la haki kwa niaba ya mtu asiyempenda, katika kitabu ambacho kila aliye karibu naye alikuwa tayari kusonga mbele. Nilimuuliza mzazi huyo kama alitaka mtoto wake aache kufanya hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema tutaonana Alhamisi.

Kuna Mwafrika mwingine msomaji ninayetaka tumtazame. Agostino, niliyemtaja mwanzoni, alizaliwa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Mwaka 386 alikuwa katika bustani Milano, akilia, asijue afanye nini na maisha yake, na akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudiarudia kama wimbo wa mchezo, ikisema achukue, asome. Akaurudia waraka wa Paulo aliokuwa ameuacha, akafungua, akasoma mistari ya mwisho ya Warumi 13. Kisa hiki hujulikana. Kinachosahauliwa ni kwamba hakuwa peke yake. Rafiki yake Alipio alikuwa pale pale bustanini. Agostino mwenyewe anasimulia kwamba alikifunga kitabu akiweka kidole au alama nyingine mahali alipofika, akamweleza Alipio. Naye Alipio akaomba aone. Akasoma alipoishia mwenzake, kisha akaendelea mbele, kwenye mstari ambao Agostino hakuufikia: mwanzo wa Warumi 14, unaosema aliye dhaifu wa imani apokewe. Alipio akasema huo ni wangu.

Ukurasa mmoja, marafiki wawili, na kila mmoja akapata mstari wake. Agostino angeondoka na kitabu chake chumbani, Alipio angeukosa wa kwake. Na angalieni walichofanya baada ya hapo: waliingia ndani kwa mama. Monika, aliyemlea Agostino katika imani na kumlilia miaka mingi, hakuwa bustanini. Alisikia habari baadaye, kutoka kwa wawili walioipata wakiwa pamoja, naye alishangilia. Akina mama mnaofundisha nyumbani, ningewaomba mkisome kisa hicho chote, si ile sehemu ya sauti ya mtoto pekee.

Narudi kwa towashi, kwa sababu hali yake ina jambo linalonishika kila nikilisoma. Alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu. Kumbukumbu la Torati 23:1 linamkataza mtu wa hali yake kuingia katika mkutano wa Bwana. Amesafiri mwendo wote ule, na kwa sheria hiyo mlango haukuwa wake. Jijini Nairobi tunazifahamu nyumba za namna hiyo: maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani na kusoma. Basi towashi amenunua gombo lake, anarudi nalo nyumbani. Ni msomaji wa kujisomea kwa sababu pa kusomea pamoja na wengine hapakuwa pake. Nawafikiria watoto wetu kadhaa ninaposema hayo, wale ambao hawakuiacha shule kwa kuchagua. Kabla ya kuja kwetu, mmoja wao alikuwa hajaalikwa siku ya kuzaliwa ya mtoto yeyote.

Towashi alipofika sura ya 53 ya Isaya, kwa yule mtumishi aliyeongozwa kama kondoo machinjoni, aliuliza nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine. Hilo ndilo swali ninalotamani kulisikia Alhamisi kuliko majibu yote sahihi: huyu ni nani, na je, yawezekana ni mimi? Filipo alianzia andiko lile lile. Hakumwambia arudi mwanzo wa gombo, hakumpa orodha ya vitabu vya kusoma kwanza. Alianzia pale kidole cha msomaji kilipokuwa, akamhubiri Yesu.

Kisha Filipo akaondolewa. Walipopanda kutoka majini, Roho wa Bwana alimnyakua, na towashi hakumwona tena; akaenda zake akifurahi. Safari ya kwenda kwao ilikuwa bado ndefu, na gombo lilikuwa bado mapajani. Luka hasemi kama aliendelea kusoma. Kama aliendelea, basi baada ya sura tatu tu, katika Isaya 56, alikutana na ahadi kwa matowashi walishikao agano la Bwana: kwamba watapewa mahali ndani ya nyumba yake, na jina lililo bora kuliko la wana na binti. Filipo hakuwa naye tena alipofika hapo. Nadhani hakuhitajika, maana msomaji alikuwa ameshazoea kuuliza.

Wazazi nao wataondolewa, kwa kazi, kwa umri, kwa mtoto kwenda chuoni mji mwingine. Sisi wachungaji huhamishwa hata mapema zaidi.

Sasa yanayohusu kanisa zima. Mada ya muhula ujao imechaguliwa na watoto wenyewe. Mimi nilipendekeza msamaha, nikashindwa kwa kura. Wamechagua mgeni. Wakubwa watasoma Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, ambamo kijana Kongowea anatoka Tanga na kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wa kati watasoma Ruthu. Wadogo bado tunawatafutia, na mwenye ngano nzuri ya mgeni aliyefika usiku, iwe ya kwao Ukambani, Pwani au Ziwani, aje aisimulie mwenyewe; si lazima iwe imeandikwa.

Watoto wanaokwenda shule wanakaribishwa pia. Wazazi wa klabu wamekubali kusogeza muda hadi saa kumi na nusu ili wanaotoka darasani wawahi. Tunahitaji nakala za Siku Njema, hata zilizochakaa, ziletwe ofisini kwa karani wa kanisa. Tunahitaji benchi la ziada, kwa sababu lile moja mzee wetu hataki litolewe kizimbani. Na tunahitaji mtu mzima mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kuhamia mji au nchi ambayo lugha yake hakuijua, akae na watoto wiki ya pili na ajibu watakachouliza. Akija, asiandae hotuba. Watoto wataanza kwa kumsomea, yeye atasikiliza, na wataanzia hapo watakapokuwa wamefika.